Unyayo wa Twiga

Jumatatu, 3 Juni

Mimi ndiye binadamu mwenye mbio kuliko wote waliowahi kuvaa suruali. Sijivuni. Nasema ukweli tu, na ukweli wenyewe ndio unaojivuna. Juzi mbwa wa jirani alinifukuza kutoka duka la mkate. Tulipofika kona mbwa akakaa chini. Akahema. Akanitazama kama anayetaka nimfundishe. Hata shule niliiacha kwa sababu hiyo hiyo: walimu walikuwa wananichelewesha.

Leo kiwandani msimamizi kapanda juu ya rundo la magodoro, katangaza habari. Utingo wa lori kaacha kazi, kaenda kuoa kwa watu wenye mashamba. Nafasi iko wazi! Na haitolewi kwa barua wala kwa kujuana. Itatolewa kama kiwanda chetu kinavyotoa siku zote: kwa mbio za godoro. Ni Jumamosi. Kila anayetaka anajitwika godoro la mtu mmoja, limekunjwa na kufungwa kamba, anazunguka ukuta wote wa kiwanda na kurudi getini. Msimamizi anasema utingo asiyeweza kukimbia na godoro kichwani hatalifikisha ghorofa ya juu mteja akiwa bado ana hamu ya kulilalia.

Lori! Kukaa kule juu, upepo usoni, kila siku mji mwingine. Mimi niko chumba cha kukata sponji. Vumbi la sponji linaingia puani, masikioni, kwenye chai. Nikipiga chafya unatoka mto mzima wa kulalia.

Nafasi ni yangu. Nimeshajiona juu ya lori nikiwapungia mkono wanaotembea kwa miguu. Tatizo ni moja tu, na lina urefu wa mlango.

Tatizo ni Twiga, mtoto wa shangazi. Alikuja kwetu mwanzo wa mwaka kwa siku chache. Mama akampa nusu ya chumba changu; nusu nyingine anaichukua kwa miguu. Kiwandani yuko idara ya kufunga, anavalisha magodoro nailoni. Jioni Mama kauliza nani kati yetu atakimbia. Nikajibu haraka kuwa mimi. Mama akasema vizuri mwanangu, halafu akamgeukia Twiga akamwongeza kipande cha nyama, ati mkimbiaji anahitaji nguvu.

Mkimbiaji!

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka mapema kumchunguza adui. Twiga hukimbia kila asubuhi. Nikamfuata nyuma kwa visingizio, kama mtu anayekwenda kununua mkate kwa haraka isiyo ya kawaida. Anakimbia bila kuhema. Anakimbia huku anasalimia watu! Anamuuliza mama wa duka kama mguu umepona, anasubiri jibu, halafu anaondoka kama aliyesukumwa na mtu mwema. Mimi nilipofika kona ya pili nilikuwa nimeshika ubavu na naongea na ukuta.

Nimetafakari. Miguu si kitu, kila mtu anayo miwili. Siri iko kwenye raba. Zake zimechakaa, soli imelika upande mmoja, lakini ni raba za mbio hasa. Mimi nilikuwa na kandambili. Basi nimeelewa kila kitu.

Kiwandani nimeona jambo baya. Yule fundi wa cherehani anayeshona vitambaa vya kuvalisha magodoro (mimi na yeye tuna jambo letu, ingawa yeye bado hajaambiwa) alikuwa ameshika raba ya Twiga mapajani. Ilikuwa imeachama mdomo. Anaishona! Kwa uzi wa bluu, ule mgumu wa pembeni mwa godoro! Shati langu halina vifungo viwili tangu msimu wa mvua. Nilipomwomba alisema nilete sindano yangu, uzi wangu na subira yangu.

Nimempita bila kumsalimia. Hakugundua. Nikarudi kumpita tena.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kwa muuza raba wa sokoni, yule aliyezitundika kwenye waya kama samaki wa kukausha. Ana maneno mengi kuliko viatu. Kaniita bosi wangu, mkubwa wangu, mwanariadha wangu. Nikamwambia nataka raba za kushinda. Akasema hapo umefika, lakini kwanza ajue mguu wangu ni wa namna gani: ni bapa au una uvungu? Mimi nilijua uvungu ni wa kitanda tu. Akasema hata mguu unao. Nikalowanishe mguu, nikanyage karatasi, nichore pembeni kwa penseli, nimletee. Kila mguu na raba yake.

Nimerudi nyumbani, nimelowanisha mguu, nikakanyaga sakafu kwanza kwa majaribio.

Ee bwana. Limetoka pande zima, kama alama ya pasi. Hakuna uvungu wala dirisha. Nikajaribu mguu wa pili, labda ule ndio wa mbio. Pasi nyingine.

Wakati huo huo Twiga akatoka bafuni. Akapita kando yangu kwenda chumbani, na nyuma yake akaacha nyayo. Nikainama. Kisigino cha duara. Kisha mstari mwembamba, umejipinda kwa madaha. Halafu vidole vitano vimejipanga kama shanga. Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa nguo, kwa simu, kwa meno. Leo nimeyaonea wivu maji yaliyomwagika sakafuni. Nikayatazama mpaka yakaanza kukauka.

Mama akaja akauliza nani kalowesha nyumba. Nikasema Twiga. Akasema aa, basi atakuwa na haraka zake, akachukua tambara akafuta mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango! Mkubwa! Wenye akili!

Nimemwambia Twiga kwamba kiwanda kinapima miguu ya watu wote kwa ajili ya buti mpya za mvua, na mimi ndiye niliyekabidhiwa idara yao. Kaamini hapo hapo. Kalowanisha mguu, kakanyaga karatasi ya kaki, nikazungusha penseli. Kauliza wangu nimeshapima? Nikasema zamani. Akanishika bega, akasema asante kaka, wewe una moyo wa kufikiria wenzako.

Karatasi hiyo nimempelekea muuza raba kama mguu wangu. Hoja yangu ni hii: raba ikichaguliwa kwa mguu wa mshindi, mguu utakaoingia humo utajirekebisha wenyewe. Hata godoro jipya humnyoosha mtu mgongo.

Muuza raba akatazama karatasi. Akatazama miguu yangu kwenye kandambili. Akatazama karatasi tena, akaigeuza, kama vile mguu wangu ungekuwa nyuma yake. Akauliza, huu ni wako kweli? Nikasema ni wa familia. Akasema sawa mkubwa wangu, yeye kazi yake ni kuuza, ila raba zikishatoka hapa hazimjui tena.

Kilichobaki ni kuchagua, na kuchagua mimi ni mtaalamu. Kiwandani kwetu tunapima ubora kwa njia mbili: unabonyeza kwa dole gumba, halafu unakaa. Nikabonyeza raba zote. Zenye soli ngumu nikazirudisha. Laini nikazipanga chini, nikazikalia moja moja, nikihesabu pumzi kama tunavyofanya kwa godoro la maharusi. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama nauza mayai niliyoyaatamia. Wivu tu. Nikachagua zilizopokea makalio yangu kwa heshima kuliko zote: rangi ya machungwa makali, soli nene kama mkate wa sandwichi.

Akiba yote ya simu imekwenda. Mbele ya vidole panabaki nafasi ya kufuga kifaranga, maana mguu wa Twiga ni mrefu kuliko wangu. Si shida. Mimi nafanya kazi wapi? Kwenye sponji!

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaza mabaki ya sponji: mbele, nyuma, pembeni, na kipande kimoja cha ziada chini ya kisigino kwa starehe. Nimetembea nazo kiwandani. Raha isiyoelezeka! Zinalia kidogo, fwii, fwii, lakini hata gari jipya hulia.

Fundi wa cherehani kaniona. Kauliza kama nimeumia nyonga. Halafu kasema rangi ni nzuri, inafaa kuongozea magari barabarani. Nikaanza kucheka pamoja naye. Halafu akauliza, Twiga ameziona?

Twiga! Raba zangu, miguu yangu, na bado ni Twiga!

Hapo moyo ukaniwaka. Na msimamizi, bila kujua, akanimwagia mafuta. Kawakusanya washiriki kutoa masharti: hakuna kukimbia peku, maana nyuma ya kiwanda kuna vipande vya waya wa springi chini, na kandambili ni sawa na peku. Asiye na viatu vya kufunga kamba hakimbii.

Twiga akiwa kazini huvaa kandambili na kuziacha raba zake chini ya meza ya kufungia. Wakati wa chai nimezichukua. Nimepasua kipande kikubwa cha sponji katikati kama anayepasua mkate, nikazilaza humo, nikakifunika, nikakirudisha kwenye rundo. Siyo wizi. Jumatatu atazipata. Nimeziazima kwa niaba ya haki.

Jioni Twiga katafuta kila mahali, kwa adabu, akiwaomba radhi watu kwa kuwainamia miguuni. Kaniuliza mimi. Nikasema labda mbwa. Kaka, mbwa ndani ya kiwanda? Nikasema siku hizi wanaingia kokote. Akarudi nyumbani kwa kandambili, nyuma yangu, na mimi mbele: fwii, fwii, fwii.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika miguu ikiwa ndani ya ndoo.

Kundi la kwanza tulikuwa wakata sponji na wapaka gundi. Filimbi ikalia. Mwanzo ulikuwa mtamu ajabu. Laini! Ni kama kukimbia juu ya kitanda. Ila nani aliyewahi kukimbia juu ya kitanda akafika mahali? Kila hatua nilizama, halafu mguu ukarudi umechelewa, wenzangu wakiwa wameshakwenda.

Bado nilikuwa na matumaini mpaka nyuma ya kiwanda, pale maji ya kufulia vitambaa yanapotuama. Wengine wakaruka. Mimi godoro lilikuwa limeniteremkia machoni. Nikaingia kwa miguu yote miwili.

Niseme jambo moja: sponji yetu ni nzuri. Inakunywa na haitemi. Mpaka natoka pale nilikuwa nimebeba godoro moja kichwani na mawili miguuni. Mzee wa gundi, mwenye wajukuu, alinipita akanisalimia, akauliza nyumbani hawajambo. Nikafika wa mwisho, nyuma ya yule aliyesimama njiani kulifunga upya godoro lake.

Lakini sikuhuzunika sana! Kundi la pili lilikuwa la wafungaji, na Twiga alikuwa amesimama na kandambili. Msimamizi akamtazama miguuni, akatikisa kichwa. Twiga akasihi. Msimamizi akasema waya hauna huruma, kijana, kaa kando. Nikakaa chini kando ya geti, nikavua raba, moyo umetulia. Kama si mimi, basi hata yeye asipate!

Ndipo fundi wa cherehani alipokuja. Hakuniomba. Alizichukua tu. Akaingiza mkono akaanza kutoa sponji, kipande baada ya kipande, mbele za watu, anazikamua kama nguo za mtoto. Maji yakamwagika. “We kaka,” akasema, “hizi unazivaa au unazilalia?” Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Msimamizi akawa anayatazama yale mabaki ya mali ya kiwanda kwa jicho lisilo zuri. Fundi akamtupia Twiga zile raba.

Nikapiga kelele kwamba hazitamtosha.

Twiga akaingiza mguu. Ukaingia kama mkono mfukoni. Akaingiza wa pili. Fundi akaangalia miguu ya Twiga, kisha yangu, kisha akanitazama usoni muda mrefu. Na Twiga akafumbua mdomo.

“Kaka! Ile karatasi!”

Akawaeleza wote. Ati nilimpima mguu kwa hila ya buti za mvua ili asijue. Ati zile kuukuu nilizificha mimi ili asikatae hizi mpya. Ati nimekimbia nazo kwanza nizilainishe, nikaweka sponji zisipoteze umbo! Akanikumbatia, akaninyanyua juu, miguu yangu bapa ikining'inia hewani. Msimamizi akavua kofia. Akasema amefanya kazi miaka mingi hajaona undugu kama huu. Habari ya mabaki ikafa hapo hapo.

Nikaulizwa kama ni kweli. Ningesema nini? Nikasema ni kweli.

Alishinda kundi lake. Akashinda na fainali. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Mama kawahadithia majirani wote, wa kulia na wa kushoto, na aliyekuja kuazima ngazi. Kalia kidogo. Kasema alikuwa akinidhania vingine, nimsamehe. Mchana kaniwekea mimi kipande cha pili cha nyama. Twiga akaongeza chake. Nyama ilikuwa laini lakini haikupita vizuri. Nikaongeza mchuzi.

Sasa nina adui mpya. Ni yule mimi wanayemsifu. Ana mama anayelia kwa furaha, ana ndugu anayemwamini, na kiwandani wanamvulia kofia. Raba amezitoa zawadi wala hazidai. Mimi halisi nimebaki na kandambili. Namwonea wivu mpaka nimeshindwa kumalizia sahani.

Jumanne, 11 Juni

Twiga kaondoka na lori jana alfajiri. Anarudi baada ya siku kadhaa. Chumba chote changu! Nimelala kimshazari. Nimehamia upande wake. Nimerudi upande wangu. Kumbe chumba chenyewe ni kikubwa hivi bila sababu.

Balaa la leo. Kaja mteja mama mmoja, godoro limebebwa na vijana wawili. Anafoka. Anasema tangu Jumapili analala juu ya goti la mtu asiyemfahamu. Mume wake alimwambia anajidekeza tu. Mume wake naye kahamishwa upande, kaamka amepinda. Msimamizi akaomba kisu, akapasua.

Raba za Twiga. Pamoja na uzi wa bluu.

Lile rundo! Walilibandika gundi na kulivalisha kitambaa Ijumaa hiyo hiyo, mimi nikiwa nimeshaenda nyumbani na fwii fwii zangu. Macho yote yakanigeukia. Nikasema kwa utulivu kwamba zawadi ya kushtukiza inataka maficho ya uhakika. Msimamizi akasema wema nao una mpaka wake, na mpaka wake ni godoro la mteja. Amenitoa kwenye kukata. Nafagia uwanja wa nyuma, na sumaku mkononi, naokota vipande vya waya.

Fundi wa cherehani kacheka mpaka kashikilia mashine. Nilipopita na ufagio akaniita karibu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alijua tangu Jumamosi. Anayemnunulia mwenzake zawadi haendi kushindana nayo. Nikauliza, kwa nini hakumwambia Twiga? Akavuta kitambaa chini ya sindano. Akasema kijana wa watu kaja mjini hana mtu, sasa anadhani ana kaka. Mwache awe naye.

Nikasema lakini raba ni zangu. Akasema lete shati lako hilo la vifungo, na uondoke mbele yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Twiga karudi. Vumbi mpaka kwenye nyusi, meno yote nje. Anasimulia barabara, vilima, mteja aliyewapa maembe, mto uliojaa wakasubiri upungue. Mama ameacha kazi zote anasikiliza. Kila akimaliza kisa anaongeza kwamba yote haya ni kwa sababu ya kaka.

Na mikononi ana nini? Glavu! Za ngozi, za kupakulia mizigo, kapewa na dereva. Kiganja kinene, vidole vimekatwa. Anazivua moja moja kama daktari.

Tena dereva kadokeza kwamba lori la pili linakuja, na litahitaji utingo. Nimefikiri. Utingo ni mikono, kila mtu anayo miwili. Siri iko kwenye glavu. Kesho nakwenda kwa muuza glavu. Nimeambiwa naye anataka kipimo cha kiganja kwenye karatasi. Twiga alipojinyoosha kupumzika kidogo baada ya chakula nilimchora mkono wake wote, na kucha. Ni kiganja kizuri sana. Changu kinafanana na sahani.

Nimekaa nimechunguza nini hasa kiliharibika Jumamosi, ili safari hii kisijirudie. Raba? Hapana, zimethibitika kuwa za ushindi. Sponji? Sponji ilitimiza wajibu wake. Fundi? Sasa hivi shati langu lina vifungo vyote, simsemi.

Ni jambo moja tu, na sikuliandika siku ile. Ni ile fainali. Twiga alitokea kona ya mwisho, godoro kichwani, bega kwa bega na mmoja wa wapakiaji, na yule mpakiaji akaanza kumpita. Sijui nilipanda getini saa ngapi. Nilijikuta tu niko juu kabisa, peku, nimeshika vyuma, napiga kelele, Twiga! Kaza! Kaza ndugu yangu, usimwachie! Nilipiga kelele mpaka akavuka mstari, na hata baada ya kuvuka. Watu walinitazama. Fundi alinitazama. Mpaka leo sauti haijarudi, Mama anadhani ni mafua.

Hilo ndilo lililoharibika. Mengine yote yalikwenda kama nilivyopanga.